Shajara ya mradi: kamusi ndogo ya maneno ya Kiingereza yaliyozeeka

Januari

Kazi imeanza. Ni kamusi ndogo ya maneno ya Kiingereza yaliyotoka katika mazungumzo ya leo, au yaliyo njiani kutoka, yakielezwa kwa Kiswahili. Wasomaji wake nawajua kwa sura. Wapo wanafunzi wangu wa kidato cha tano na cha sita wanaosoma fasihi ya Kiingereza na kukwama kwa Shakespeare. Wapo wazee wa kanisani wenye Biblia ya King James, tafsiri ya mwaka 1611. Wapo na mawakili vijana wanaoletewa mikataba ya ardhi iliyoandikwa kabla hawajazaliwa. Wote hao Kiingereza wanakijua. Shida ni kwamba Kiingereza walichofundishwa na kile kilicho mbele yao vimeachana kwa karne kadhaa, na hakuna anayewaonyesha vilipoachania.

Kielelezo changu ni ile kamusi kubwa ya Oxford. Wazo lake lilizaliwa London mwaka 1857 katika chama cha wanafilolojia, yaani wataalamu wa lugha na maandishi yake. James Murray akakabidhiwa uhariri mwaka 1879, sehemu ya kwanza ikatoka 1884 na ya mwisho 1928. Murray mwenyewe alifariki 1915, kazi ikiwa bado haijaisha. Wasomaji wa kujitolea, wengi wao watu wasio na cheo chochote cha kitaaluma, walinakili sentensi kutoka vitabuni kwenye vipande vya karatasi na kuvituma kwa posta. Mambo mawili nimeyachukua kwao kama yalivyo. La kwanza, neno halielezwi mpaka ipatikane sentensi lilimotumika. La pili, neno lililokufa halifutwi. Linawekewa alama ndogo yenye umbo la kisu na kuachwa mahali pake, ili anayesoma kitabu cha miaka mia tatu iliyopita alikute likimsubiri.

Nimeamua pia kwamba sitatoa kisawe cha neno moja na kuondoka. Kila kidahizo, yaani kila neno lililoorodheshwa na maelezo yake, kitaeleza neno lilikuwa linafanya kazi gani, nani alilipokonya kazi hiyo, na lini. Bila hivyo kamusi itakuwa orodha ya mifupa.

Februari: "thou"

Nimeanza na "thou" kwa sababu kila mtu anajua kwamba ni neno la kale, na karibu kila mtu analielewa nusu tu. Nikiuliza darasani napata jibu lile lile mwaka hadi mwaka: ni neno la heshima, la kumwomba Mungu.

Kiingereza cha kale kilifanana na Kiswahili katika jambo hili. "Thou" ilikuwa wewe, "ye" ilikuwa ninyi, yakaishia hapo. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na ya mabwana. Polepole, kuanzia karne ya 13, desturi ya Kifaransa ikahamia kwenye Kiingereza: mkubwa mmoja akawa anaambiwa kama walio wengi. Wasomaji wa Bukavu na Lubumbashi hawahitaji maelezo zaidi ya hapo, maana tofauti ya "tu" na "vous" wameibeba tangu shule ya msingi. Basi "thou" ikabaki ya kumwambia mtoto, mtumishi, mpenzi, rafiki wa damu, na adui unayetaka kumdhalilisha. Mungu naye aliambiwa "thou", kama Kilatini cha kanisa kilivyomwambia "tu".

Kuhusu adui ninao ushahidi ambao nimeusoma darasani kwa sauti. Novemba 1603, mjini Winchester, Sir Walter Raleigh alisimamishwa mahakamani kwa shtaka la uhaini. Mwendesha mashtaka alikuwa Edward Coke, mwanasheria mkuu wa mfalme. Alimwita nyoka, kisha akamwambia "I thou thee, thou traitor". Amekifanya kiwakilishi kuwa kitenzi, ili pasiwe na mtu yeyote pale ndani ambaye hakusikia anachofanya. Raleigh alikuwa mtu wa kupewa "Sir" na kuinamiwa. Kwa neno hilo Coke anamvua hadhi yake mbele ya umati kabla hukumu haijatolewa.

Kutafsiri nimeshindana nako kwa muda. "Nakuita wewe, wewe msaliti" haina sumu, kwa sababu "wewe" yetu haina cheo. Kinachokaribia ni ile "we!" ambayo mtu mzima anaitiwa barabarani na kijana asiyemjua, bila shikamoo, bila mzee wala mama. Nimeiandika hiyo kwenye kidahizo, na wanafunzi walicheka kwanza, kisha wakaelewa kwa nini Raleigh angeumia.

Karne hiyo hiyo waliinuka Marafiki, kundi la Wakristo wanaojulikana pia kama Quaker, wakiongozwa na George Fox. Wao walishikilia kwamba binadamu wote ni sawa mbele ya Mungu, kwa hiyo hakimu na mkulima wote wataambiwa "thou", na hakuna atakayevuliwa kofia. Kwa hilo walipigwa na kufungwa jela. Hapa niliacha kuandika kwa muda, kwa sababu mwaka 1902 Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Waumini wale wanaposali kwa Kiswahili wanatumia "wewe" moja kwa chifu, kwa mtoto na kwa Muumba. Kile kilichowapeleka jela wenzao wa kwanza, hawa sarufi ya Kiswahili iliwapa bure. Najua heshima yetu tunaiweka mahali pengine, kwenye salamu na kwenye majina ya ukoo na umri, lakini kiwakilishi chenyewe hakijawahi kumbagua mtu.

Nani aliiua "thou"? Miji. London ilipojaa wafanyabiashara matajiri wasio na vyeo, na watu wenye vyeo wasio na fedha, ikawa vigumu kujua uliyekutana naye ni wa daraja gani. Kumwambia "thou" asiyestahili ilikuwa kutafuta ugomvi, na kumwambia "you" asiyestahili hakukuwa na hasara. Watu wakachagua njia ya salama. Kufikia mwisho wa karne ya 17 neno lilikuwa limetoka katika mazungumzo ya kawaida ya mji mkuu, likabaki kwenye sala, kwenye ushairi, na katika lahaja za kaskazini. Yorkshire bado utamsikia mzee akisema "tha". Kwa sababu waliosalia wengi walilisikia kanisani tu, wakaliona kuwa neno takatifu. Tafsiri ya Biblia ya Marekani iliyokamilika mwaka 1952 iliwaondolea watu wote "thou" na kumwachia Mungu peke yake, na toleo lililoifuata, la mwaka 1989, likamwondolea hata yeye. Wanafunzi wangu wamerithi mwisho wa hadithi bila mwanzo wake.

Hasara iliyobaki ni ya sarufi. Kiingereza sanifu hakina tena namna ya kutofautisha wewe na ninyi, na watu wanaihisi. Kusini mwa Marekani wametengeneza "y'all", Liverpool na Ireland wana "youse". Lugha inatafuta kiungo chake kilichokatwa.

Machi: maneno yanayoonekana hai

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya nianze mradi, na nimeipa muda mwingi kuliko zote.

Maneno kama "forsooth" na "betwixt" hayamdhuru msomaji. Akikutana nalo anajua halijui, anasimama, anauliza. Yanayomdhuru ni yale anayoyajua vizuri. Anapita juu yake kwa mwendo wake wa kawaida, anaokota maana ya leo, na anaondoka na maana isiyokuwamo kwenye sentensi. Hakuna kinachomshtua, kwa hiyo hatauliza.

Nilimpelekea rasimu mzee mmoja wa mtaani kwetu, karani mstaafu wa mahakama, anayesoma Biblia kwa lugha mbili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umeniletea yale maneno?"

Nilimwomba anisomee Wathesalonike wa Pili, sura ya 2, mstari wa 7, katika Biblia yake ya King James. Akasoma taratibu, kwa matamshi ya mtu aliyefundishwa zamani na kufundishika: "he who now letteth will let".

"Maana yake nini, mzee?"

"Anayeruhusu sasa ataendelea kuruhusu."

Akaichukua ile ya Kiswahili, tafsiri ya Muungano ya 1952, akafungua mstari ule ule: "lakini yuko azuiaye sasa". Akavua miwani.

"Sasa mwalimu, huku anaruhusu, huku anazuia. Nani kapotosha?"

"Hakuna aliyepotosha, mzee. Ni kitenzi kingine."

Nikamweleza. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili. Kimoja kilikuwa "lætan", kuacha au kuruhusu. Kingine kilikuwa "lettan", kuchelewesha au kuzuia, ndugu wa neno "late" la leo. Matamshi yakasagika karne hadi karne mpaka vyote viwili vikawa "let". Lugha haiwezi kuishi muda mrefu na neno moja linaloamuru mambo mawili yanayopingana, kwa hiyo kimoja kikasukumwa nje. Watafsiri wa 1611 walikitumia kile cha kuzuia bila wasiwasi wowote, kwa sababu wasomaji wao walikuwa bado wanakijua. Shakespeare naye anamfanya Hamlet atishie kumgeuza mzimu mtu yeyote atakaye "let", yaani atakayemzuia asiufuate mzimu wa baba yake. Ukisoma kwa maana ya leo, Hamlet anatishia kuwaua wanaomruhusu.

Mzee akanikatiza. "Ndiyo maana mikataba yetu iliandikwa 'without let or hindrance'. Nimeyapiga taipu maneno hayo maisha yangu yote ya kazi. Nilikuwa najiuliza, kuruhusu kumeingiaje pale kwenye kuzuia?"

Ndilo hilo. Maneno hayo hayo yamo kwenye pasipoti ya Uingereza hadi leo, pale waziri anapoomba kwa jina la Mfalme mwenye pasipoti apitishwe bila kizuizi. Na kwenye tenisi, mpira wa kuanzia ukigusa wavu kabla ya kuangukia ndani, mwamuzi anaita "let", na mchezaji anaanza upya. Neno limekufa mdomoni mwa watu lakini limebaki na ajira mbili, moja ya serikali na moja ya uwanjani.

Nimeyakusanya ya namna hii kwa bidii. "Prevent" ilikuwa kutangulia, kama Kilatini chake kinavyosema: kuja kabla. Katika Wathesalonike wa Kwanza 4:15 walio hai "shall not prevent" waliolala, na tafsiri yetu inasema sawasawa kabisa, "hatutawatangulia". "Suffer" ilikuwa kuruhusu, ndiyo maana Yesu anasema "suffer the little children" bila mtoto yeyote kuteseka. "Conversation" ilikuwa mwenendo wa mtu, maisha yake yote, wala si maongezi peke yake. "Meat" ilikuwa chakula chochote. "Quick" ilikuwa hai, kwa hiyo "the quick and the dead" hakuna anayekimbia hapo. "Peculiar people" katika Petro wa Kwanza 2:9 wanafunzi waliielewa kuwa watu wa ajabu ajabu, na mmoja alishawahi kuhubiriwa hivyo. Mzizi wake ni "peculium" ya Kilatini, mali ya mtu mwenyewe. Kiswahili kinasema "watu wa milki ya Mungu". Nimejifunza kuifungua Biblia ya Kiswahili kwanza kila ninapokuwa na shaka. Mara nyingi msomaji wetu ana ufunguo ambao Mwingereza wa leo hana.

Kwa upande wa Shakespeare, la kwanza kwenye orodha ni "wherefore". Juliet anapouliza "wherefore art thou Romeo", karibu kila mtu anamwona binti dirishani akimtafuta kijana gizani. Neno maana yake ni kwa nini. Anauliza kwa nini awe Romeo, yaani kwa nini awe wa ukoo wa maadui wa baba yake. Kijana yuko pale pale chini, na suala zima ni jina. Ukikosea hapo umekosa kiini cha tamthilia. Wanaoijua tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar, iliyotoka kwanza 1963, au ile ya Mabepari wa Venisi ya 1969, wanajua kwamba msomaji wa Kiswahili hana shida hii, kwa sababu mtafsiri alishaivuka kwa niaba yake.

Uamuzi wa Machi: maneno haya hayatachanganywa na mengine kwa alfabeti. Yatakaa mwanzo wa kitabu, kwa herufi nzito, ili hata asiyesoma zaidi ya kurasa chache awe ameyapata.

Aprili: yanayokufa sasa hivi

Hadi hapa nilikuwa na wafu. Mwezi huu nimeshughulika na wagonjwa, na kwa hao nahitaji kongoo, yaani makusanyo makubwa ya maandishi na mazungumzo yaliyowekwa kwenye kompyuta ili yahesabiwe.

"Shall" nilifundishwa na kuifundisha kama sheria: "I shall", "we shall", wengine wote "will". Geoffrey Leech wa chuo kikuu cha Lancaster na wenzake walilinganisha makusanyo ya Kiingereza kilichochapishwa Uingereza na Marekani, ya mwaka 1961 na ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila moja likiwa na maneno kama milioni moja. Katika miaka hiyo thelathini matumizi ya "shall" yalishuka kwa zaidi ya asilimia 40 pande zote mbili za Atlantiki. "Must" nayo imeshuka, ingawa si kwa kiasi hicho. Maelezo yao yananishawishi: watu hawapendi tena kuamriana kwa sauti ya juu, na maandishi yanazidi kuikaribia lugha ya mazungumzo.

"Shall" inafia mdomoni huku sheria ikiigawanya. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 ilichagua "must" ili raia wa kawaida aelewe kwamba hapa ni lazima. Kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho la Marekani ziliandikwa upya mwaka 2007 na "shall" ikaondolewa. Katiba ya Kenya ya 2010 imejaa "shall" kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi wa sheria wa Nairobi anahitaji neno hili kuliko mwanafunzi mwenzake wa London, na kamusi yangu itamwambia hivyo.

Kwa mazungumzo halisi nimetegemea kazi ya Lancaster na wachapishaji wa Cambridge. Kongoo la taifa la Uingereza la miaka ya 1990 lilikuwa na maneno kama milioni 10 ya mazungumzo. Kati ya 2012 na 2016 wakakusanya mengine, safari hii watu wakijirekodi wenyewe kwa simu zao wakiwa nyumbani na marafiki: wazungumzaji 668, maneno zaidi ya milioni 11. Matokeo ya awali yalitangazwa 2014. "Marvellous" ilikuwa imeshuka kutoka mara 155 katika kila maneno milioni hadi mara mbili. Mbili! Mahali pake imekaa "awesome", mara 72. Zilizoshuka pia ni "fortnight", "cheerio", "marmalade", "catalogue", "walkman".

Nimeitazama orodha hiyo kwa muda mrefu, maana vifo vyake si vya aina moja. "Walkman" iliondoka na kifaa chake, na "marmalade" imeshuka pamoja na mkate wa asubuhi uliopakwa. "Marvellous" haikupoteza kitu chochote duniani, watu bado wanafurahi. Maneno ya kusifia huchakaa kwa kutumika, na kila kizazi kinataka la kwake ili kisisikike kama wazazi wake.

"Fortnight" inaniuma. Ni "fourteen nights", usiku kumi na nne, kumbukumbu ya zama ambapo makabila ya Kijerumani yalihesabu usiku badala ya mchana. Mwandishi wa Kirumi Tacitus aliliona jambo hilo kwao karibu miaka elfu mbili iliyopita na kuliandika. Ndugu yake "sennight", usiku saba, alishakufa zamani. Wamarekani kwa kawaida hawaitumii "fortnight". Mzee wangu wa mahakama anaitumia kila mara, na barua zake zote bado zina "I shall". Nimemwomba anakili chache kwa ajili ya mifano, akakubali.

Mei, mwanzoni

Kidogo tu kuhusu vitenzi. Mwaka 2007 Erez Lieberman na wenzake wa Harvard walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa vitenzi 177 vilivyokuwa visivyo vya kawaida katika Kiingereza cha kale. Kufikia Kiingereza cha kati vilibaki 145, leo ni 98. Walichogundua ni kwamba kitenzi kinachotumika mara mia moja pungufu kuliko kingine hulainika haraka mara kumi zaidi. Kwa hiyo "went" na "was" zitaendelea kuwepo, kwa sababu mtoto anazisikia kila siku kabla hajapata nafasi ya kukosea. "Help" ilikuwa na "holp" na "holpen", na Mariamu katika Luka 1:54 anasema Mungu "hath holpen" Israeli. Vidahizo vya aina hii nimevifupisha sana: mstari mmoja, kitenzi cha leo, basi.

Mei, mwishoni

Mabaki. Maneno ambayo hayaishi peke yake tena, yanaishi ndani ya msemo mmoja. Kiswahili tunayo, "hana hanani" inatosha, maana hakuna anayesema "hanani" mahali pengine. Kiingereza kina "fro" ndani ya "to and fro", na "kith" ndani ya "kith and kin", ambayo ilikuwa watu unaowafahamu na nchi unayoijua, tofauti na "kin" ambao ni wa damu. "Ruthless" ni asiye na "ruth", yaani huruma. "Short shrift" ni muda mfupi aliopewa aliyehukumiwa kifo ili aungame dhambi zake kwa padri kabla ya kunyongwa. Leo watu wanalitumia kwa barua pepe isiyojibiwa vizuri.

Ninalolipenda zaidi ni "nickname". "Eke" ilikuwa kuongeza, hivyo "an ekename" lilikuwa jina la ziada, lakabu. Masikio yakalisikia lile "n" la "an" kuwa la neno linalofuata, likahama, na leo hakuna Mwingereza anayeisikia "eke" humo ndani.

Na "ye" ya mabango ya baa na maduka ya kitalii haihusiani na ile "ye" ya ninyi. Kiingereza cha kale kiliweza kuandika sauti "th" kwa herufi yake yenyewe, þ. Ilivyoandikwa kwa mkono ilifika mahali ikafanana na "y", na wapiga chapa wa kwanza, ambao herufi hiyo hawakuwa nayo, wakatumia "y". Inasomwa "the", na siku zote ilisomwa "the".

"Spinster" imeondoka rasmi na tarehe inajulikana: Desemba 2005 neno hilo lilitolewa kwenye hati za ndoa za Uingereza na Wales, likawekwa "single" kwa wote. Lilianza kama kazi, mwanamke anayesokota nyuzi, na likaishia kuwa dharau. Sina huzuni nalo, lakini limeingia kitabuni, kwa sababu wanafunzi watakutana nalo katika riwaya za karne ya 19 na wanapaswa kusikia jinsi lilivyochoma. "Wireless" ilikuwa redio ya bibi na babu za Waingereza, ikafa redio za transista zilipotapakaa, kisha ikafufuka na intaneti isiyo na waya. Hiyo nimeiondolea alama ya kisu.

Juni

Sikupanga sura hii, imejileta. Nikiwa natafuta tarehe za vifo, nimegundua ni maneno mangapi ambayo Kiingereza kimeyaacha na sisi tunayo mdomoni asubuhi mpaka jioni.

Tarehe 15 Februari 1971 Uingereza ilihamia kwenye fedha ya mafungu ya mia, na shilingi, iliyokuwa sehemu ya ishirini ya pauni, ikaisha kama hesabu ya fedha ya nchi hiyo. Kijana wa Manchester leo hajui shilingi ni peni ngapi. Afrika Mashariki ilipewa shilingi yake mwaka 1921, ikagawanyika kuwa ya Tanzania, ya Kenya na ya Uganda mwaka 1966, na muuza nyanya wa Kariakoo analitaja neno hilo mara nyingi zaidi kwa siku moja kuliko London nzima. Nairobi wamehifadhi hata jina lake la mtaani, "bob". Mzee wa London akifika leo stendi ya matatu na kusikia "hamsini bob", atasikia ujana wake.

"Gauni" ni "gown", ambayo kwa Waingereza imebaki ya bibi harusi, ya jaji na ya siku ya kuhitimu, ilhali kwetu ni nguo ya sokoni. "Motokaa" imeshika kwa ukamilifu "motor car", jina la mwanzoni mwa karne ya 20 ambalo wenyewe wamelikata likabaki "car". Hata barua zetu za serikali, zinazofungwa kwa "wako mtiifu", zimebeba kivuli cha "your obedient servant", ambayo karani wa London aliacha kuiandika zamani. Mzee aliposoma ukurasa huu alisema, "Mwalimu, hii usiiweke mwisho wa kitabu." Itakaa katikati.

Vidahizo vilivyokamilika vimepita mia tatu. "Shall" bado haina kisu, na haitapata kwa toleo hili. Maneno ya mikataba, "heretofore", "aforesaid", "hereinafter", yameandikwa lakini hayajapata mifano, na wakili mmoja ameahidi kuniletea mikataba ya zamani iliyofutwa majina. Baada ya hapo ni herufi W, ambako "whence", "whither" na "whilom" zinasubiri.